Randa ya Pekeshe

Majengo, Mombasa
2 Julai 1956

Shangazi Kache,

Nakuandikia nikiwa mzima, nami naomba uzima huu ukukute wewe, mke wangu Kanze, na kila anayekula chungu kimoja nanyi hapo Garsen. Huku mvua imekatika na kile kikohozi nilichorudi nacho Aprili kimepona. Mwambie Kanze khanga anayoitaka nimeiona dukani, nitaituma. Na Danson, karani wa kivuko, ambaye najua ndiye anayekusomea haya, mwambie namshukuru kwa macho yake, ila asisome kwa sauti mbele ya abiria wote wa pantoni kama mara ile.

Sasa jambo lenyewe. Unaikumbuka randa ya baba, aliyolainishia mbao? Ile iliyokuwa uchagani juu ya moshi wa jiko, imeshika masizi mpaka huijui kama ni mti au kaa. Nilipokuja likizo ya Pasaka niliiona nikaicheka, nikaiacha palepale. Kumbe mjinga nilikuwa mimi.

Hapa karakana tuna fundi mkuu, Mzee Gershom, Mtaita. Juzi tulikuwa tunazungumza habari za wazee wetu, nikamtajia ile randa. Akaniuliza, "Ina pembe mbele?" Nikamwambia inayo, imejikunja kama ya ndama. Akaweka penseli chini. Anasema randa za Waingereza hushikwa nyuma; zenye pembe mbele za kushikia kwa mkono wa kushoto ni za Wajerumani, na za zamani ni nzuri kupita maelezo. Hapo nikakumbuka maneno ya baba, kwamba alipewa na yule Mzungu mjenzi wa misheni ya juu mtoni, wakati yeye ni kijana wa kumbebea mbao, kabla ya vita vya kwanza.

Shangazi, sikiliza kwa nini nahangaika. Mwisho wa mwaka huu Mzee Gershom anarudi kwao, na meza yake ya kazi itapewa mmoja wetu. Desturi ya karakana hii ni kwamba fundi wa meza huja na randa yake. Asiye na randa hubaki na msasa. Mimi nimepiga msasa viti vya watu mpaka vidole vimepoteza alama, na nimechoka. Tafadhali itazame chapa kwenye kisu chake, kisha uifunge yote kwa gunia, Danson ampe dereva wa lori la Malindi.

Ni mimi mwanao,
Kazungu wa Pekeshe


Garsen
19 Agosti 1956

Mwanangu Kazungu,

Mkono ni wa Danson, maneno ni yangu. Danson anasema yeye hasomi kwa sauti, ni watu wa pantoni wenye masikio marefu.

Sisi tupo. Kiboko ameingia kwenye mpunga wangu, amekula alichotaka na kulala juu ya alichokiacha. Ng'ombe dume wa Dhadho aliteleza akitoka kwenye pantoni, nusu ya Garsen ikaingia majini kumvuta mkia. Darmi, yule jirani yetu Muorma, analeta maziwa kila asubuhi na ukimpa kitu anakasirika. Kanze hajambo. Anakunywa maziwa hayo, anakula, analala mchana. Kuhusu khanga anasema afadhali iwe pana.

Barua yako ilikuja polepole. Lori lilikwama njiani, na dereva alipokwamuka akapeleka mfuko wa barua Lamu, ukarudi huku umelowa.

Haya, randa. Chuma chake nilikuwa nacho jikoni, nakwangulia ukoko wa sufuria, na hakuna kinachoukwangua kama hicho. Nimeagana nacho kwa ajili yako. Danson amekisugua kidogo, anaona ndege amechorwa, anadhani jogoo, na herufi za Kizungu asizozijua. Nakutumia hicho kisu pamoja na ile kabari ya kukikazia.

Mti wake upo. Haukupotea, haukuuzwa, haukutiwa jikoni. Basi, usiniulize zaidi.

Na kwa kuwa umekumbuka vitu vya baba yako, nami nikukumbushe. Mtu wetu akifa hukatiwa mti, ukasimikwa nyuma ya nyumba, ndiyo koma yake, apate mahali pa kukaa na kunyweshwa. Kazi hiyo ni ya mwana, na Pekeshe ana mwana mmoja. Ulipokuja Pasaka nilikuambia. Ulisema una haraka ya lori. Miaka miwili kaka yangu amekaa nje kama mbuzi asiye na zizi, kwa haraka yako ya lori!

(Mimi Danson nimeandika nilivyoambiwa. Mambo ya koma si yangu, mimi ni mtu wa kanisa.)

Shangazi yako,
Kache


Majengo, Mombasa
9 Septemba 1956

Shangazi,

Salamu zako zimefika, na kiboko nimemlaani kwa niaba yako. Mimi mzima. Majengo maji ya bomba yanatoka kwa matone, tunakesha na madebe. Mpe Darmi shukrani zangu, na Kanze umwambie khanga zote zina upana mmoja.

Kifurushi nilikifungua mbele ya Mzee Gershom, kwa majivuno. Nikatoa kipande cha chuma na kipande cha mti vilivyonuka samaki. Ukoko, shangazi! Chuma kilichosafiri kutoka Ulaya kuja kukwangua ukoko! Makali yake yana mapengo kama kinywa cha babu.

Hata hivyo tumekifufua. Nimekiloweka katika mafuta ya taa, nikasugua kutu kwa majivu na gunia. Kisha jiwe. Nilitaka kukitia kwenye lile jiwe la kuzungusha ili niwahi, Mzee Gershom akanipiga kofi la mkono: chuma kikipata moto kinakufa, hakishiki makali tena. Basi nimenoa kwa mkono, jioni baada ya jioni, kwanza mgongo mpaka ukawa bapa, ndipo nikageuza upande wa makali. Jogoo ametokea vizuri, mpaka kilemba chake. Mzee Gershom akanyolea vinyweleo vya mkono wake, akasema, "Kazungu, hiki ni kisu cha mwenye meza."

Lakini kisu bila mwili ni jino bila mdomo. Na usiniambie nichonge mwili mwingine. Mti wa randa hukaushwa miaka, na ule wa baba umekaushwa na moshi wako mwenyewe. Huo ndio wema pekee mlioufanyia. Kwa hiyo nakuomba kwa heshima: usiuanike juani, utapasuka. Usiuweke chini, mchwa watauona. Usiumwagie kitu chochote. Ufunge, uutume. Na utakapouandika huo "usiniulize zaidi" wako tena, kumbuka kwamba mwaka unakwisha.

Kazungu


Garsen
14 Oktoba 1956

Mwanangu Kazungu,

Tunakusalimu sote. Mahindi yamekubali, nyani nao wameyakubali. Mzee Iha wa ukoo wetu alikuja kututazama akakaa siku kadhaa, akamaliza ndizi. Kanze hajambo, miguu imemvimba kidogo kwa joto.

Barua yako nimesomewa. Yaani mimi niliyekubeba mgongoni mama yako alipofariki, ndiye wa kuambiwa "nakuomba kwa heshima" kwa meno namna hiyo? Shangazi ni baba aliyevaa hando la kike, Kazungu. Usisahau.

Pantoni imefungwa kwa sasa. Kamba imechakaa, wanangoja nyingine. (Kamba ilifika wiki iliyopita. Danson.) Kwa hiyo mti hauwezi kuvuka.

Lakini kwa kuwa wewe ni fundi na umesomea kazi hizi, nina maswali. Mti kama ule ukipata tembo la mnazi kidogo, kidogo tu, unaharibika? Na mchwa wakianza kupanda kutoka chini, si wengi, upakwe nini? Na je, mvua za vuli zikija, ukifunikwa na kifuu cha nazi kwa juu yatosha?

Nijibu haraka, hasa la mchwa.

Kache


Majengo, Mombasa
30 Oktoba 1956

Shangazi yangu,

Nawasalimu. Mimi mzima wa mwili, kichwa ndicho sikijui.

Nimeyasoma maswali yako nikaenda kunywa maji, nikarudi nikayasoma tena. Tembo la mnazi? Nani anakunywa na randa? Mchwa kutoka chini, chini wapi? Nilisema usiuweke chini! Na mvua inaufikiaje mti ulio ndani ya nyumba? Mmeitoa nje kwa sababu gani? Imekuwa kiti? Imekuwa kizuizi cha mlango wa kuku? Nikiuliza mambo mawili najibiwa habari za nyani.

Haya, kwa kuwa siwezi kuuona mti ukiliwa nikanyamaza: mchwa, paka mafuta ya taa kuzunguka chini, na ukwangue udongo wao kila asubuhi. Tembo linaharibu, ndiyo, lina sukari, linaita kila mdudu. Kifuu cha nazi hakitoshi. Kinachotosha ni kuurudisha ndani!

Mzee Gershom ameniuliza leo tena. Yuko Bonaya, kijana hodari, ana randa ya chuma mpya kabisa, na ananitazama kila nikipita na msasa wangu. Shangazi, niambie ukweli. Mti uko wapi?

Kazungu


Garsen
18 Novemba 1956

Mwanangu Kazungu,

Salamu kutoka kwetu, wazima na wagonjwa. Vuli imeanza, mto unapanda. Mafuta ya taa nimepaka, mchwa wamekimbia, Mungu akubariki kwa hilo.

Umetaka ukweli. Keti kwanza.

Uliposimama mlangoni Pasaka ile, kikapu mkononi, ukitazama barabara, nilikuambia Mzee Iha anataka kukata mti wa koma ya baba yako, naye anataka mkono wa mwana uuguse. Ulisema, "Shangazi, chukueni ubao wowote wa baba. Mti ni mti." Kanze alikuwapo. Ukaondoka.

Mei baba yako akamjia Kanze ndotoni akiomba maji. Akaja tena. Mwanamke aliyezika vichanga viwili, akimwota mkwewe ana kiu, halali tena, wala mimi silali. Nikamwita Mzee Iha. Nikampa maneno yako kama ulivyoyasema. Akazunguka nyumba nzima akitafuta ubao wa Pekeshe, akainua macho uchagani. Akasema, "Ubao gani mwingine? Huu ameushika maisha yake yote. Una hata kichwa." Alimaanisha ile pembe.

Tukatoa kisu na kabari, maana koma haikai na chuma chenye makali. Tukaisimika nyuma ya nyumba, kisigino chini, pembe juu, ikavishwa vitambaa vyake, ikamwagiwa maji ya unga na tembo. Tangu siku ile Kanze analala. Ulipoandika Julai kuitaka, baba yako alikuwa amekwisha kukaa.

Na unajua kama mimi ninavyojua: koma ikishasimikwa haing'olewi. Tukihama tunaiacha. Mto ukija unaichukua wenyewe. Mtu hatii mkono.

Nilinyamaza kwa sababu nilijua utapiga kelele. Sasa piga.

Kache

(Bwana Kazungu, nilimwambia tangu Agosti akwambie. Alisema nikiandika neno atanitupa mtoni. Danson.)


Majengo, Mombasa
2 Desemba 1956

Shangazi,

Salamu.

Nilisoma barua yako kwenye ngazi za posta. Kisha nikamsomea Mzee Gershom, maana nilidhani nimesahau kusoma. Alicheka mpaka akakaa juu ya rundo la mbao. Mimi sikucheka.

Mlimzika baba, mkaona haitoshi, mkaizika na randa yake. Pori lote la Tana limejaa miti, toka Garsen hadi Ozi, na Mzee Iha hakuona mti mwingine! Ndiyo, nilisema ubao wowote. Mtu akisema "kuleni chochote", mnakula mlango? Baba aliifuta randa ile kwa kitambaa kila jioni, hakumruhusu mtu hata kuweka kikombe juu yake, na leo mnainywesha tembo mkisema mnamheshimu.

Ninakuja. Nimechonga nguzo ya mvule, ina kichwa na shingo na mabega, nimeipiga msasa mwenyewe, na huo nao ninaujua. Nitaisimika mahali pa ile. Mzee Iha apewe mbuzi anayemtaka, aseme maneno yoyote anayojua ya kumwomba baba radhi. Mzee Gershom amekubali kuningoja mpaka siku ya mwisho ya mwaka. Nitapanda lori la kwanza baada ya tarehe ishirini, na nikifika sitaki chai wala habari za kiboko. Nataka jembe.

Nimekasirika, shangazi. Sijui neno la adabu zaidi la kusema.

Kazungu


Garsen
29 Desemba 1956

Kazungu,

Leo sianzi na salamu.

Tulikungoja. Sasa tumesikia maji yamefunika barabara na lori lenu limerudi Malindi na watu wake. Ulirudi nalo, nadhani umenuna. Barua hii Danson ameivusha kwa mtumbwi hadi Kau, na kutoka huko itajua yenyewe.

Kanze amejifungua. Mtoto wa kiume. Alizaliwa alfajiri, mvua inapiga, Darmi akiwa ameshika taa na mimi nimeshika mtoto. Ni mzima, ana mikono mikubwa, analia kwa hasira kama wewe. Tumempa jina la babu yake, Pekeshe, kama ipasavyo. Siku ya kwanza ilipita, ya pili ikapita, nami sikuthubutu kusema. Sasa amepita pale walipoishia wale wawili. Nasema.

Usiniulize kwa nini hukuambiwa. Mimba ya mwanamke aliyekwisha kupoteza haitangazwi, sembuse kuandikwa kwenye karatasi inayosomwa kwenye pantoni. Danson alijionea kwa macho yake, nikamwapisha. Aliapa kwa kitabu chake, mimi nikamwapisha tena kwa kiapo cha kwetu.

Mimba ile ilitulia baada ya koma kusimama, au kabla kidogo, sijui, sikuhesabu. Najua tu kwamba Kanze alikuwa akienda pale nyuma kila asubuhi, anaishika ile pembe, anasema na baba yako kuhusu maumivu yake. Wewe ukaandika unataka jembe. Mke wako mwezi wa nane! Niliogopa, mwanangu. Nilikuogopa wewe, niliyekulea. Nilikaa usiku nikiwaza kama nitakushika miguu au nitakupiga.

Sasa mtoto yuko nje. Siwezi kukuzuia tena, wala sitaki. Ninajua meza ile unaitaka kiasi gani, na ninajua ni mimi niliyekucheleweshea. Njoo uone. Jembe nimeliegemeza nyuma ya nyumba. Ukiweza kuing'oa mbele ya Kanze na mwanao, ing'oe. Sitasema neno.

Shangazi yako


Majengo, Mombasa
20 Januari 1957

Shangazi Kache, Kanze mke wangu, na Pekeshe,

Salamu nyingi kwa mtoto. Kwenu nyie wawili, sijui.

Miezi tisa! Na tangu Agosti mnaniandikia ng'ombe wa Dhadho, mnaniandikia nyani, mnaniandikia kamba ya pantoni, na ya uongo! Nimejua mpaka Mzee Iha alikula ndizi. Na mke wangu ana mimba, naambiwa anataka khanga pana na miguu imevimba kwa joto! Nami kwa akili zangu nikajibu kwamba khanga zote zina upana mmoja. Danson, wewe unayesoma, nikikukuta kivukoni kimbia.

Barua imenikuta karakana. Nilipofika kwenye jina la mtoto nikakaa chini kwenye maranda, nikalia mbele ya watu, Mzee Gershom akafunga mlango ili wateja wasinione. Alikuwa amekuja kuaga.

Meza amepewa Bonaya. Siku ilifika, sina randa, desturi ni desturi. Niliumia sana, shangazi, na nisikufiche, bado naumia. Kila asubuhi napita pale nikiwa na msasa wangu. Kisu cha jogoo ninacho, kiko chini ya mto wangu kimefungwa kwa kitambaa cha mafuta. Nimepata kipande cha mbambakofi. Nitakikausha hata kama ni miaka mitatu, nami nitajifunza kuchonga mwili wa randa. Kuna siku nitapata meza.

Ile nguzo ya mvule nimempa mwenye nyumba, ameifanya mguu wa kitanda.

Lori linaondoka Jumamosi, barabara imefunguka, nami nimepewa ruhusa. Nakuja kumwona mwanangu. Shangazi, liondoe lile jembe pale nyuma, lifiche kwa Darmi, kwa sababu mimi najijua. Nikiuona mti ule mbele ya macho yangu, na pembe ile, mkono utaniwasha. Nikiukaribia kwa jembe, hata nikiwa naomba, hata nikikuambia Kanze amekubali, nipige nalo.

Kazungu, baba Pekeshe